Kaburi la Chui Huchimbwa na Mbuzi

Mpendwa Chui,

Najua siku hizi wanaokuandikia huanza na "Mheshimiwa" na kumaliza na "mtumishi wako mnyenyekevu". Mimi unyenyekevu wa kukupa sina. Mimi ni wa ukoo wa mbuzi, wewe ni wa ukoo wa chui, na kwa kuwa tangu zamani chui humla mbuzi, wazee wetu walimpa mbuzi fidia moja: amtukane chui mchana kweupe, na chui acheke. Huo ndio utani wetu. Umetulea wote wawili pale kambi ya reli, na sijasikia karatasi yoyote ya Kinshasa iliyoufuta.

Nakuandikia kutoka Kalemie, mjini kwetu kando ya ziwa, nimeketi barazani kwangu, ufunguo wa nyumba ya mama yako uko shingoni mwangu kwenye uzi. Barua hii sikuifunga. Mwalimu mwenzangu ataisoma kwenye redio ya mtaa, na mkuu wa biro yako, ofisi yako ya uwaziri, naye akitaka aisome, maana simu zangu huzipokei tena. Kama ndani yake mna aibu, basi tuigawane wengi, kila mtu apate kidogo.

Nianze na mama yako, kwa sababu yeye ndiye aliyetuunganisha. Baba yako alitengeneza mashine za gari moshi, baba yangu alikuwa kwenye winchi ya bandari, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa mabua tu. Ugali ukiiva kwenu, mama yako alinipakulia mimi kwanza. "Kula, mbuzi, unone," alikuwa akisema. "Mutoto yangu akikomaa, akukute tayari." Wewe ulikuwa unang'ata hewa mbele ya uso wangu, nami nilikuambia unanuka kuku wa wizi. Tulicheka mpaka ndagala, dagaa wa ziwa letu, zikatutoka puani. Sikujua kwamba kule kucheka kulikuwa ni shule, na kwamba nitakuja kuudai mtihani wake nikiwa mama mzima mwenye mvi.

Unakumbuka alipokufa yule bosi wa stesheni aliyetoka mkoa wa mbali? Tulikwenda kumzika watoto wote wa kambi, kwa sababu walisema kutakuwa na mkate. Wakubwa walivaa tai, wakasoma hotuba ndefu, wakamsifu mpaka jua likatuchoma vichwa. Hakuna aliyelala barabarani kulizuia jeneza. Hakuna aliyemwita mlafi wala aliyevaa koti lake kinyume na kutembea kama yeye. Walimteremsha, wakafukia, wakaondoka. Wewe ulimvuta mama yako kikwembe, kitenge alichojifunga, ukamuuliza kwa nini kilio hiki hakina vichekesho.

"Hana batani," alikujibu, yaani watani kama wewe na mimi. "Mufu asipotukanwa na batani, amezikwa sawa mugeni."

Tulipofika kwenye reli ulisimama ukaniambia: "Mbuzi, mi nikikufa, unitukane mingi." Nikakuahidi. Tulishikana vidole vidogo kama watoto wanavyofanya, na ahadi hiyo haijaniachia mpaka leo.

Wewe ulitimiza sehemu yako kabla yangu. Baba yangu alipokufa ulikuwa kijana, umerudi kutoka masomoni, na watu walisema sasa huyu ni msomi, hatajishusha. Ukaja umevaa ovaroli yake ya bandarini, ndoo kichwani, ukajilaza katikati ya barabara mbele ya jeneza. Ukasema mzee alikuahidi jogoo, hazikwi mpaka jogoo apatikane. Watu waliokuwa wanalia walishika mbavu. Kisha ukasimama, uso ukabadilika, ukamgeukia kaka yangu mkubwa mbele ya ukoo mzima. "Muguu ya baba ilivimba, wote tuliona. Mulikuwa munangojea nini kumupeleka kwa munganga?"

Kaka yangu alitaka kufa. Lakini alijibu. Hakuwa na njia nyingine, mtani akiuliza mbele ya maiti huwezi kusema uko kwenye mkutano. Alieleza, akalia, wajomba wakamkaripia, wakamsamehe, na neno lile halikubaki kuoza ndani ya nyumba yetu. Nilikuchukia kwa muda, Chui, halafu nilikushukuru. Ulichukua jembe ukachimba kaburi la baba yangu kwa mikono yako, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Kwa hiyo usiniambie kwamba mambo haya huyajui. Wapo wanaoletwa kututawala ambao hawajui, nawasamehe kidogo. Wewe ulijua. Ulijua hata ukayatumia kuombea kura. Nilikuwepo pale kiwanja cha mpira uliposema kwenye kipaza sauti: "Mimi nina batani hapa Kalemie. Nikidanganya, banifunge kamba, banitembeze mu soko." Watu walipiga vigelegele, na mimi nikainua mkono ili wanione kwamba huyo mtani ndiye mimi. Nilijiona mkubwa siku ile, mpumbavu mimi.

Jina lako liliposomwa redioni kwamba umekuwa waziri wa jimbo, mama yako alikuwa anamenya muhogo. Aliacha kisu kikaanguka. Wanawake walitandika vikwembe vyao vya sikukuu barabarani, kutoka lami mpaka mlango wa parsela, kiwanja chenu, upite juu yake usiguse vumbi. Nami nikakungoja mlangoni na unga wa muhogo. Nikakupaka usoni, nikakupaka kwenye suti ile ya buluu, nikakuambia: "Chui, madoa ya kwako yamepotea, sasa tutakujuaje?" Askari wako alitaka kunisukuma, ukamzuia. Ukasema, "Mwache, huyu njo bosi yangu." Nakumbuka maneno hayo, kwamba mimi ndiye bosi wako, kuliko hotuba zako zote.

Kisha ilikuja safari ya Zongwe, kijiji alikozaliwa mama yako. Tulikwenda kwa boti, wewe na wakubwa wenzako na matarumbeta, mimi na mama yako tumeketi nyuma karibu na mashine. Pale Zongwe hakuna gati, boti husimama ndani ya maji na watu hushuka wakilowa mpaka kifuani. Vijana walikubeba mabegani ukafika mkavu. Mama yako alishuka kama wanawake wengine, kikwembe kimefungwa makwapani, viatu mkononi. Ukasimama mchangani ukasema: "Mama yangu alinibeba mgongoni ndani ya maji haya haya. Mwaka kesho hakuna mama wa Zongwe atakayelowesha kikwembe." Ukaweka jiwe la msingi, jina lako limechongwa juu yake. Bibi mmoja rika la mama yako, yule mwembamba mwenye sauti ya kupasua, aliimba mpaka akakauka koo.

Simenti ilifika kutoka kiwanda cha Kabimba, hilo nalishuhudia. Ilishushwa ufukweni bila hata turubai. Kazi ulimpa shemeji yako, kaka wa mke wako, aliyekuwa akiuza simu na hajawahi kujenga hata choo. Alikuja, akapiga picha, akaondoka. Mvua ikanyesha. Simenti ikaganda ndani ya mifuko yake, na leo watoto wa Zongwe wanaikalia kama viti, na jiwe lako la msingi wanawake wanaanikia ndagala kwa sababu linashika joto vizuri. Huo ndio utumishi wake.

Hata hapo ningeweza kukucheka tu. Makosa ni ya watu. Lakini nini kilifuata, Chui? Shemeji yako alipewa ukuu wa ujenzi wa jimbo zima. Aliyeacha simenti ya gati moja igande, ukamkabidhi simenti yetu yote. Na baraza la jimbo lilipokuita ueleze habari za gati, kabla siku ya kujibu haijafika, jina lako lilisomwa tena redioni: umeteuliwa kwenye shirika kubwa la serikali huko Kinshasa. Ukapanda ndege. Swali lilibaki huku, limekaa kwenye kiti chako peke yake.

Wanawake wa sokoni wana msemo wao juu yenu. "Sufuria ni zile zile, banabadilisha mafiga tu." Aliyeshindwa barabara anapelekwa kwenye maji. Aliyeshindwa maji anakuwa mshauri. Mshauri akisahaulika kidogo anarudi kama mkurugenzi, na sisi tunatandika vikwembe upya. Nafundisha darasa la nne. Mtoto wangu akishindwa hesabu za kutoa, simpandishi darasa la sita kwa sababu mjomba wake ananifahamu. Wazazi wangenila mzima. Lakini wazazi hao hao jina la mtu wa kwao likisomwa wanatafuta ngoma, hawaulizi alikotoka aliacha nini. Nasema hao, na mimi nimo. Unga ule niliusaga mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo wewe hukuliona, kwa sababu hukuwepo. Baada ya wewe kwenda Kinshasa, mama yako alikwenda Zongwe kuwasalimu ndugu zake. Nilimsindikiza. Boti ilisimama ndani ya maji kama siku zote, tukashuka. Tulipokuwa katikati, maji yametufika kifuani, yule bibi mwenye sauti ya kupasua alikuwa anakuja upande wetu, beseni la ndagala kichwani, anawahi boti ile ile. Akasimama mbele ya mama yako.

"Mama ya Ekselansi," akasema, "gati yetu iko wapi? Ao tunatembea juu yake na hatuioni?"

Kila mtu aliyekuwa majini alicheka. Mama yako alicheka pia, Chui, alicheka vizuri, kama mtu mwenye adabu. Alikaa kule siku zake, akarudi. Na hakwenda Zongwe tena mpaka anakufa. Mwanamke aliyezaliwa pale, kitovu chake kiko pale, dada zake wamezikwa pale, aliogopa kwenda kwao kwa sababu ya mdomo wako. Walipomtumia habari za arusi alisema magoti. Walipomtumia habari za misiba alisema magoti. Magoti yake yalikuwa mazima, alikuwa akipanda kilima cha kanisa kila Jumapili bila fimbo.

Siku moja tulikuwa tunamenya muhogo uani kwake, mchana, kuku wanatuzunguka. Akaniambia bila kuinua macho: "Mbuzi, nikikufa, wewe njo utaingia mu kaburi yangu mbele ya mimi kuingia. Ukae. Usitoke mpaka mutoto yangu akuje, ajibu batu ya Zongwe mbele yangu."

Nikamwambia, "Mama, na akituma mutu?"

"Mutu ya kutumwa hajui kulia mama ya mwengine. Umukatae."

Nikakubali. Yeye akaendelea kumenya. Nakuapia ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyekuwa na wazimu kati yetu.

Alipofariki tulikupigia. Ulilia, nilikusikia, na kilio chako kilikuwa cha kweli. Halafu ukasema maneno ambayo mpaka sasa nikiyakumbuka mate yanakuwa machungu. Ulisema serikali mpya inapangwa. Ulisema, "Mbuzi, unaelewa, nikitoka Kinshasa sasa jina langu linaweza kuanguka." Nilitaka kukuuliza linaanguka kutoka wapi, na litamwumiza nani likianguka. Sikuuliza, kwa kuwa nilijua mahali pa kukuuliza papo, panachimbwa.

Ulituletea ndege. Tulipokea jeneza lenye dirisha na vishikio vya dhahabu, zuri mno kwa mwanamke aliyelala maisha yake yote kwenye kitanda cha kamba. Tulimpokea mkuu wa biro yako, kijana wa miwani myeusi, na kamera. Na tulipokea vikwembe vya msiba. Chui, kwetu vikwembe vya msiba huchapwa sura ya marehemu. Hivi vilikuwa na sura yako. Umetabasamu, tai nyekundu. Mama yako alikuwa kwenye kona, mdogo kama stempu. Dada yako Jeneviva alipovifungua alikaa chini. Tukavivaa kwa sababu vingine havikuwepo.

Watu wa Zongwe walikuja. Boti nzima, wamelowa kama kawaida, yule bibi akiwa mbele na kuku chini ya kwapa. Kaburi tulilichimba sisi wa mbuzi, kama inavyotakiwa. Jeneza lilipokaribia, niliomba ngazi, nikashuka, nikaketi chini kwenye udongo, mgongo ukutani. Nikapaza sauti: "Chui iko wapi? Mama yake amefika, yeye iko wapi? Hatulali hapa, mama na mimi, mpaka akuje."

Watu walilipuka kwa vigelegele. Padri, ambaye ni mtoto wa huku, alifunga kitabu chake akangoja. Juu nilimsikia kijana wako akiuliza, "Huyu mama ana shida gani?" Jeneviva akamwambia, "Hana shida. Njo mutani wetu, iko haki yake." Kumbe kuna aliyemnong'oneza kwamba mtani hupewa kitu, maana nikaona mkono unashuka na bahasha. Nikaurudisha. "Sikuomba hii. Mutu njo nimeomba."

Ndipo akakupigia simu, akawasha sauti, akaniteremshia. Nikakushika mkononi, Chui, ndani ya kaburi la mama yako. Na wewe, mtu aliyewahi kulala barabarani na ndoo kichwani kwa ajili ya baba yangu, ulisema nini? Ulisema, "Mbuzi, toka tafadhali, kuna kamera."

Nikainua simu juu ya kichwa changu. Yule bibi wa Zongwe akasogea ukingoni, akainama, akauliza. Hakutukana, hakuimba. "Mutoto yetu, gati iko wapi?" Hata waliokuwa mbali walisogea. Ungesema lolote. Ungesema nilikosea, ungesema shemeji yangu alinishinda, ungelia tu. Mama yako alikuwa hapo juu anasikia, alisema atakuwa anasikia. Ulisema, "Hayo tutayazungumza kwa wakati wake," na simu ikakatika. Mtandao siku ile ulikuwa mzuri.

Kijana wako akawaita polisi. Mmoja alitazama ndani, akaniona, akarudi nyuma: "Mi ni wa mbuzi, siwezi." Wengine wawili hawakuwa wa huku. Walishuka, wakanishika makwapa, wakaninyanyua kama gunia. Sikupigana. Kiatu changu kimoja kilinivuka kikabaki ndani, na hakuna aliyenisikiliza nilipokidai, kwa sababu programu ilikuwa imechelewa. Mama yako amezikwa nacho. Nilirudi nyumbani mguu mmoja pekupeku, kati ya watu niliokuwa nimewafundisha kusoma, na walikuwa wanaangalia chini.

Sijawahi kusikia mtani ametolewa kaburini na polisi. Wakati wa vita hawakufanya. Wakoloni, mzee wangu alinisimulia, walikuwa wanasimama pembeni wakishangaa, wanangoja. Wewe, uliyelishwa sahani moja na mimi, ndiye wa kwanza.

Jioni ile nilifanya kitu kimoja kilichobaki katika haki zangu. Matanga yakiendelea, mtani anaweza kuchukua kitu cha marehemu na kukishika mpaka mwenyewe aje kukikomboa. Wengine huchukua kinu, wengine mbuzi dume. Mimi nilichukua ufunguo wa nyumba. Jeneviva aliniona, akageuza uso.

Majivu ya moto wa kilio yalikuwa bado uani redio iliposoma serikali mpya. Jina lako lilikuwemo. Pongezi, Chui, halikuanguka. Kesho yake nilisikia ngoma, nikajua zinakwenda wapi. Jeneviva alikuja kwangu mbio, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akiniita yaya, dada yake mkubwa. "Yaya, toa funguo. Batu biko inje ya mulango, banataka kufungua nyumba bafanye feti. Banasema Ekselansi ametuma bia."

"Ye mwenyewe iko?" nilimuuliza.

"Hapana. Ametuma."

"Basi mwambie na mimi nimetuma. Nimetuma mulango."

Alicheka, maskini, kisha akaegemea bega langu akalia. Ni yeye peke yake aliyemlilia mama yenu wiki hiyo bila kutazama saa.

Kwa hiyo feti, sherehe ya cheo chako, waliichezea nje. Na kwa kuwa desturi ni desturi, wanawake wa chama chako walitandika vikwembe barabarani, na vikwembe vilivyokuwa karibu ni vile vya msiba. Walitandika sura yako, Chui, kutoka lami mpaka mlangoni, tabasamu juu ya tabasamu. Gari lilikuja likapita juu yake taratibu, matope kwenye magurudumu, na ndani alikuwemo kijana wako wa miwani, akipunga mkono. Watu wakapiga makofi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikatafuta mtu wa kucheka naye, nikakukosa wewe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko polisi.

Basi haya ndiyo niliyotaka kukuambia. Ufunguo ninao. Sitauuza, na bahasha zimekuja nyingine, nimezirudisha. Matanga hayajavunjwa, kwa sababu majivu huzolewa na mtoto mkubwa wa kiume, na huyo ni wewe. Nyumba itabaki imefungwa, kuku watachakura majivu, Jeneviva ataendelea kunyoa. Ukombozi wake ni huu tu: uje mwenyewe, uketi juu ya mkeka uani kwa mama yako bila kipaza sauti, watu wa Zongwe waje, yule bibi akuulize swali lake, na wewe ujibu. Jibu lenyewe si lazima liwe zuri. Kaka yangu hakuwa na jibu zuri. Ukimaliza nitakupaka unga, nitakufungulia mlango, na ndani kuna sufuria ya mama yako, nitakupikia ugali.

Kama huji, endelea na kazi. Utateuliwa tena, na tena, mna mafiga mengi huko. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba iko siku jina lako litasomwa redioni na hakutakuwa na cheo kinachofuata. Watakuleta huku, hakuna mtu wa chui anayezikwa Kinshasa. Na kaburi la chui huchimbwa na mbuzi. Nikiwa hai nitakuja. Nikiwa sipo, watoto wangu nimeshawaambia.

Tutachimba vizuri, pembe zake sawa, kina chake sawa. Tutasimama kando kwa heshima. Wakubwa watasoma hotuba, nasi tutasikiliza mpaka mwisho. Hakuna atakayelala barabarani. Hakuna atakayevaa koti lako kinyume. Nilikuahidi pale kwenye reli kwamba nitakutukana mingi, na matusi yako yote ninayo, mazuri, nimeyatunza tangu utoto. Usipokuja, nitayameza. Nitakuzika nimenyamaza.

Njoo, Chui.

Mimi mtani wako,
Mbuzi